Nimekanyaga Waya

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Vivian amelisha simu uji sasa hivi. Si kwa mchezo. Alikaa chini kwa heshima, akashika kijiko vile nilimfundisha, akapuliza isichome, halafu akamimina pale chini kwa tundu ya chaji, akasema, "Baba, kula." Nimepangusa na leso. Nimechokoa na kijiti ya kiberiti. Inaonekana safi. Uji ya wimbi ni nyepesi, itakauka tu.

Uji haikuniuma. Iliniuma ni hiyo "Baba." Mtoto wangu ana miaka miwili, na kwake baba ni kitu bapa, nyeusi, iko na ufa upande mmoja, inalala juu ya kabati na kuamka Ijumaa. Stima ikipotea na simu ipelekwe kuchajiwa kwingine, analia ati Baba ameenda. Ikirudi, anaibusu mgongoni.

Ooko alienda Vivian akiwa bado wa kubebwa na shuka. Alikuwa mchumaji chai hodari huko kwa shamba la kampuni. Mashine zikaja, wakaambiwa hivi hivi tu kwamba mikono yao imekuwa ya zamani. Tukatoka nyumba za kampuni, tukaja hapa Litein kwa ploti ya Nganga, chumba moja, na yeye akaenda Doha kulinda geti ya jengo ambalo ndani hajawahi kuona. Mimi nachumia mzee Kipkurui. Shamba yake imeinama sana, mashine ingebiringika mpaka mtoni.

Ooko anakuja Desemba. Ameahidi. Sasa nawaza kila siku nikiwa katikati ya majani: ataingia kwa mlango na miguu na mikono na ndevu, na mtoto atakimbia kujificha nyuma ya simu. Siwezi kukubali. Kabla ya Desemba Vivian lazima amwone baba yake akiwa mkubwa, mwenye mabega.

Beverly wa mlango unaofuata amenialika. Bwana yake Joab yuko kambi moja na Ooko, na Beverly ana TV bapa ya ukutani. Kila Ijumaa, hiyo ndiyo siku yao ya kupumzika huko, Joab anajaa ukuta mzima. Nasikia kupitia mbao akiuliza kama kuna omena. Beverly akaniambia, "Mama Vivian, leta simu yako, hata wako apite hapa kwa screen." Nikasema asante. Kwa roho nikasema, apite? Mume wangu aonekane mara ya kwanza kwa nyumba ya mwanamke mwingine, juu ya vitambaa vyake vya kufuma? Hapana.

Tuko na TV yetu. Ni ile ya mgongo, lakini inashika. Nyuma iko na tundu tatu, ya manjano, nyeupe na nyekundu. Simu iko na tundu moja ndogo. Wanaishi nyumba moja na hawajawahi kusalimiana. Kesho naenda kuwapatanisha.


Jumanne, 4 Novemba

Nimetoka kwa Chege. Yeye ndiye anauza mambo ya stima pale karibu na steji ya bodaboda. Nilimweleza shida yangu. Akauliza bila kucheka, "Upande huu unataka dume ama jike?"

Nikamwambia mimi nina mume tayari, yuko Doha.

Sasa hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika friji. Kumbe waya nazo zina dume na jike. Inayoingia ni dume, inayoingiwa ni jike. Mkewe Charity alikuwa anapanga balbu, hakucheka.

Chege alinipa somo. Hizo rangi tatu ni babu zetu, manjano inabeba picha, nyeupe na nyekundu zinabeba sauti. Halafu ikaja HDMI, mdomo mpana, inabeba picha na sauti pamoja. Halafu simu zikaja na type C, mdomo mdogo, inabeba chaji, na simu ikiwa nzuri inabeba picha pia. Yangu ni nzuri, Ooko aliituma na mtu.

Nikamwambia mimi nimeona video. Wachina wametoa waya ingine mpya. Picha, sauti, na hata moto wa TV yenyewe, yote kwa waya moja. Video ilisema HDMI imekwisha. Kwa nini hana hiyo?

Chege akavuta boksi chini ya kaunta. Imejaa waya za rangi tatu, zimefungwa na raba. "Mama Vivian, kila mwaka naambiwa hizi zimekufa. Na kila wiki mtu wa Sigor anakuja kuzitafuta." Akasema waya mpya haipigani na waya ya zamani. Inapigana na tundu. Waya utabadilisha leo na leo. Lakini tundu ziko kwa manyumba ya watu, nyuma ya TV zao, na hakuna mtu atatupa TV ndiyo afurahishe waya.

Yeye ni mtu wa kuuza, lakini hana imani. Mimi nilikuja nikiwaza njia nzima. Picha, sauti na nguvu kwa kitu kimoja. Hiyo si waya. Hiyo ni mume. Mimi wangu anakuja vipande, picha Ijumaa hii, sauti Ijumaa ijayo, nguvu sijui lini.

Kwa sasa Chege amenifungia mnyororo. Waya ndogo kutoka kwa simu, inaingia kwa kidude, kidude kinaingia kwa HDMI, HDMI inaingia kwa kiboksi cheupe, kiboksi kinatoa rangi tatu, rangi tatu zinaingia kwa mgongo. Tumebadilishana na redio ya Ooko. Hatajua. Ataonekana kwa TV, redio ataikumbukia nini.


Ijumaa, 7 Novemba

Sina hata nguvu ya kushika kalamu, lakini nitaandika.

Ilianza vizuri. Niliosha Vivian, nikamvisha lile gauni la Pasaka. Nikamweka kwa kikapu ya Ooko ya kuchumia, ile tuliyotoka nayo kwa kampuni, kwa sababu humo hutulia. Waya ilitoka kwa kabati, ikapita katikati ya nyumba kama kamba ya nguo, ikafika kwa TV. Nilifungulia sauti kidogo na mlango sana, ili Beverly aone bila kuitwa.

Ooko akapiga. Picha ikaja. Ilikuwa ya kijani, kama mtu aliye chini ya maji, lakini ilikuwa yeye. Mabega. Shingo. Ile alama ya panga kwa kidevu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Nilitaka kukaa chini.

Shida moja, picha inakuja tu nikiinua waya juu kidogo pale inaingia kwa simu. Nikiiachilia inapotea. Kwa hivyo nilisimama nimeishika, kama mtu anayeshikilia mtungi isimwagike. Vivian akaangalia TV. Akaangalia simu kwa mkono wangu. Akaangalia TV tena. Akafungua mdomo, akasema, "Ba."

Nusu. Alikuwa amesema nusu.

Nikasonga mbele ili Ooko aone uso wake akimalizia. Hapo mguu wangu ukakanyaga waya. Mnyororo wote ukavutika, kiboksi kikaruka, TV ikawa bluu. Ooko alikuwa bado kwa simu, namsikia akiuliza, "Kuna nini huko?"

Nikamwambia, "Nimekanyaga waya, Ooko."

Akanyamaza. Nikasema, "Usikasirike, ilikuwa tu bahati mbaya, ni vile nilikuwa na haraka na wewe hauko." Nilikuwa naendelea kumweleza nikaona naongea na kioo. Simu imezima. Haina hata chembe ya moto, na ilikuwa kwa chaji tangu nitoke shambani mpaka nilipochomeka waya ya TV.

Vivian ameketi kwa kikapu na gauni la Pasaka. Amesema, "Baba amelala."


Jumamosi, 8 Novemba

Simu imekataa chaji. Nimejaribu chaja yangu. Nimejaribu ya Dorcus wa chumba cha mwisho. Tunamwita Dani, ndiyo nyanya kwa Kijaluo, ingawa hajazeeka hivyo, ni vile tu ametulea sisi wote. Anauza mandazi. Kila asubuhi anameza dawa zake za ukimwi na chai ya rangi hapo nje mbele ya ploti nzima, na ukimwangalia sana anakuuliza kama wewe pia unataka.

Nimefikiria na nimejua kosa ni nini. Chege alinipatia waya za zamani. Simu ya kisasa imeonja waya ya zamani ikakataa kula. Tungekuwa na ile mpya, yote haya hayangekuwa.

Ooko atakuwa anapiga na kuambiwa mteja hapatikani. Masikini.

Jambo la ajabu. Beverly amekuja na mayai. Hajawahi kunipa hata chumvi. Akayaweka mezani pole pole, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema nikonde au ninenepe yeye atabaki jirani yangu. Nikamwuliza kwani nimekonda. Akasema bado.


Jumapili, 9 Novemba

Kanisani leo nimependwa. Sijui nisemeje. Wamama wamenizunguka baada ya ibada, wakanishika mikono. Mmoja akasema tumesikia yaliyokupata Ijumaa. Nikafikiria, hapa Litein kitu haikai. Kweli Beverly aliona vile TV iliwaka bluu.

Wakauliza, ni kweli nilimwambia bwana mwenyewe? Nikasema ndiyo, saa hiyo hiyo, sikuficha. Wakasema wanawake wengi wangeficha. Nikasema nifiche nini, angejua tu, picha ingemwonyesha. Wakatikisa kichwa.

Mwingine akauliza kwa sauti ya chini, nilipata kwa nani. Nikasema kwa Chege, yule wa pale steji. Wakaangaliana. Nikasema simlaumu sana, alinipa vile alikuwa nayo, lakini nasikia nje huko iko ingine mpya inakuja kuondoa hii yote ya zamani, na mimi nina imani nitaipata. Wakasema amina. Mmoja akalia. Akasema imani kama yangu hajaona.

Nimerudi na maembe, sukari na leso mpya. Na hakuna hata mmoja alinipa chaja.


Jumatatu, 10 Novemba

Mzee Kipkurui amenitoa kwa mstari wa juu na kuniweka kwa mstari wa chini, karibu na kituo cha kupimia majani. Akasema, "Mama Vivian, usipepe kikapu sito. Mtu wa hali yako apumsike." Ile p yake mahali pa b, na s mahali pa z. Nikamwambia mimi niko sawa, ni moyo tu mzito, sijasikia sauti ya bwana yangu tangu Ijumaa. Akavua kofia. Kipkurui havui kofia hata mvua ikiisha.

Nikichuma nilifikiria mikono. Mkuu wa kampuni alisema mashine ni njia ya mbele na hakuna kurudi. Na hapa bado wanataka majani mawili na chipukizi, na mashine inatafuna mpaka kijiti. Labda Chege ana ukweli kidogo. Hapana. Mashine na waya si kitu kimoja.

Vivian leo hajala. Amelala na simu imezima, ameifunika na leso mpya.


Jumanne, 11 Novemba

Leo nimejua.

Nilikuwa nafua. Charity wa Chege akaingia kwa geti kama ng'ombe iliyokata kamba. Hakunisalimia. Akasema mbele ya ploti nzima kwamba yeye na Chege wametoka kupimwa asubuhi hii, wote wawili, na wako safi kama maji ya mvua, kwa hivyo nitafute baba wa shida yangu mahali pengine. Na kwamba duka lao ni la kuuza balbu.

Nikasema Charity, shida yangu ni yenu kabisa. Bwana yako alinipatia waya mbaya, nikaikanyaga, na sasa simu yangu imekufa.

Kuku tu ndiyo ilikuwa inaongea.

Dani Dorcus akaacha unga. Akakuja akipangusa mikono. Akaniuliza pole pole kama anaongea na mtoto, "Nyathina, mtoto wangu. Wewe ulikanyaga waya gani?"

Nikamwambia ya TV. Nikamwonyesha ikiwa bado imelala pale chini, manjano, nyeupe, nyekundu.

Dani alikaa chini kwa mchanga. Alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Na mimi, Mungu anisamehe, ndipo nikasikia maneno yangu mwenyewe kwa masikio ya watu wengine. Nimezaliwa nchi hii. Najua mtu akisema amekanyaga waya, hasemi waya ya umeme, anasema ameambukizwa. Nimelisema hilo neno mimi mwenyewe juu ya watu. Siku moja tu nimelisema juu ya waya.

Ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa na haraka. Na wewe hauko. Nilimwambia hivyo, kisha simu ikazima siku zote hizi.

Beverly akaanza kulia. Joab ndiye alimwambia, na yeye aliambia dada mmoja tu wa kanisa, na ilikuwa kwa maombi. Akasema Ooko hali kambini. Anafanya kazi ya mchana, anaomba na ya wenzake. Amemwambia Joab hatakuja Desemba. Atakuja kufanya nini.

Nilienda ndani nikakaa kwa kitanda. Vivian akaja akaweka simu kwa mapaja yangu akaipigapiga mgongo, vile mimi humpiga yeye alale.

Charity kabla ya kwenda alisimama kwa mlango. Akasema pole. Akasema mnyororo naweza kurudisha. Nikauliza redio. Akasema hiyo ilichukuliwa na mtu wa Siongiroi.


Ijumaa, 14 Novemba

Nimemeza kiburi yangu yote, na vitambaa vya kufuma juu yake. Tumemwona Ooko kwa Beverly.

Tangu Jumanne alikuwa amekataa kusikia chochote kutoka huku, mpaka Joab akamvuta kama mwizi. Aliketi kando kando, kofia ya kazi imefunika macho. Kwa hiyo TV ya ukutani haikuwa kijani. Ilikuwa rangi yake yeye, hata ukavu wa midomo niliuona. Nyumba ilikuwa imejaa, wengine walikuwa wamekuja kwa sababu ya kutengeneza walichoharibu, na wengine kwa sababu ya kuona. Nilisimama mbele nikaanza kunyoosha kitambaa cha Beverly badala ya kusema lile neno. Siku nzima nilikuwa nimelipanga.

Dani Dorcus akanisukuma na kiuno, akaweka uso wake kwa TV karibu aingie.

"Ooko, wuoda, mwanangu, toa kofia nikuone. Nani amekwambia huyu amekanyaga waya? Mimi ndiye nilikanyaga, na nikazaa, na nikazika, na bado nauza mandazi. Huyu wako alikanyaga waya ya TV. Ya TV, unanisikia? Alikuwa anataka mtoto akuone."

Ooko akatoa kofia, akajifunika nayo uso. Mabega yakaanza kutingika. Nikafikiria anacheka. Joab akamwekea mkono mgongoni, ndipo nikajua hacheki.

Tulingoja.

Halafu akauliza, bado ako nyuma ya kofia, "Waya ya TV gani?"

Nikasema, ya ile yetu ya mgongo.

"Uliitoa wapi?"

"Nilibadilisha kwa Chege."

"Na nini?"

Nikasema, na redio.

Akashusha kofia polepole. Kisha nikaona meno yake. Akasema, "Nyar Alego, wewe utaniua kabla ya jua ya huku." Binti wa Alego. Hilo jina la nyumbani, nilikuwa nimelitamani. Nilijibu kitu, sikumbuki, kila mtu alikuwa anapiga kelele.

Katikati ya hiyo kelele Vivian akapotea. Nilidhani amekimbia mtu mkubwa wa ukutani, vile nilivyoogopa. Alikuwa ameenda kwetu. Akarudi akipita katikati ya miguu ya watu, amebeba simu yetu iliyokufa kwa leso, kama mtoto mchanga. Akasimama chini ya TV. Akaifunua. Akainua juu na mikono yote miwili ili yule mtu aone vizuri.

"Baba," akamwambia. Alikuwa anawajulisha. Halafu akasema polepole, asimwamshe, "Baba amelala."

Ooko akaangalia simu. Akasogea karibu sana, hata jicho moja likajaa TV.

Akasema, "Mwache alale, mama. Mimi nakuja Desemba. Nitamwamsha."


Jumamosi, 15 Novemba

Sisimizi. Nimeamka nikaona mstari wao kutoka kwa dirisha, umeshuka ukuta, umepita kabati, umeingia kwa simu. Pale chini. Kwa tundu ya chaji. Na kila moja inatoka na kitu cheusi kidogo mdomoni.

Nilichukua sindano. Ilitoka kama sementi. Uji ya wimbi, imekauka ikawa kifuniko kabisa. Nikaweka chaja ya Dani. Simu ikawaka.

Kulikuwa na ujumbe za Ooko zimejaa humo. Za kwanza zilikuwa za hasira. Za katikati zilikuwa jina langu tu. Ya mwisho, ya Jumatano, kabla mtu yeyote hajamweleza kitu, ilisema kama ni kweli nianze dawa mapema, nisiogope, atakuja tu, tutalea mtoto.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimeisoma nikiwa nimeketi. Mtu ambaye alikuwa amesema hatakuja.

Kwa hivyo waya za Chege hazikuwa na kosa. Za zamani hazikuwa na kosa, wala mpya haingesaidia. Ilikuwa uji. Nimemwambia Dani, akasema basi umejifunza. Nikasema kabisa.


Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi njema, jua imetoka, mashamba yote kuanzia hapa mpaka kule juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nimepikia Vivian uji, nimemweka hapo nje kwa kikapu na kikombe yake, ndiyo nipate kuandika kwa utulivu. Simu pia iko nje naye. Imejaa chaji, na imekuwa na siku ngumu, apate jua.

Nimefikiria sana kuhusu ile waya mpya. Si kwamba sikuelewa ya jana. Uji ni uji. Lakini hebu angalia vizuri. Mnyororo wa Chege ulikuwa na vipande vingi, ndiyo maana mguu wangu ulipata mahali pa kukanyaga. Waya ingekuwa moja, fupi, yenye kubeba kila kitu, ningeipitisha juu ya mlango, na hakuna neno lingesemwa. Kwa hivyo kosa lilikuwa la wingi wa waya. Chege anasema tundu za watu hazitabadilika. Sasa mimi naona tundu zinangoja tu mtu wa kuanza, na Litein nzima hakuna, na mtu wa Sigor atatoka huko na kuja kwa mlango wangu.

Nimemtumia Ooko ujumbe asubuhi hii. Nimemwambia akitoka Doha Desemba asibebe blanketi wala sufuria. Abebe hiyo waya, kama imefika huko, na abebe nyingi. Bado hajajibu. Ameisoma, naona.

TV ya mgongo haina tundu yake, hilo najua. Nitahitaji TV ingine. Charity aliniambia jana kwamba wako na moja bapa, imerudishwa na mwenyewe, wanaweza kubadilishana. Sijui na nini. Redio ilienda. Kikapu sitoi, ni ya Vivian. Imebaki koti ya Ooko, ile nzito ya baridi, inaning'inia hapa nyuma ya mlango tangu aende. Nilikuwa nainusa kila jioni. Harufu imekwisha, nimenusa leo nikapata moshi tu. Na baridi ya Desemba akija, koti atavalia nini. Mimi niko.

Sasa huyo ni Dani ananiita huko nje. Mama Vivian. We Mama Vivian, toka haraka, huyu mtoto yuko na kijiko na simu, anamwambia Baba fungua mdomo. Nimemjibu nakuja, namalizia tu mstari hapa, kwamba waya hiyo mpya ikifika, na simu iwe haina tundu chini, kitu ya kwanza nita